Pumzi Chini ya Mbao

Nilipona ule ugonjwa wa kifua uliotupata nyumba nzima, lakini pua yangu haikupona. Niliamka asubuhi moja nikanusa kitunguu, nikanusa chupa ya mafuta ya taa, nikamnusa mwanangu kichwani kama nilivyozoea tangu alipozaliwa, na kote hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama kunusa ukuta. Baada ya miezi kadhaa ilirudi harufu moja tu, nayo ilikuwa ya uongo: harufu ya nywele zinazoungua. Ilinijia nikiwa kwenye sala, nikiwa sokoni, nikiwa nimelala. Mwanzoni niligeuka kila mara kutazama nani ameshika moto. Daktari aliniambia ni ubongo unaojitungia harufu kwa kuwa haupati za kweli, na kwamba nisiijali. Nikajifunza kutoijali.

Kazi yangu ni kupika. Nilipika miaka mingi kwenye nyumba ya wageni kule Ras Kitau, na ilipofungwa, mwenyewe aliniachia jiko dogo la gesi la kuchomea samaki, lile la kubebeka, lenye mfuniko na wavu wa chuma. Kaka yangu ana boti ya faiba ya kubeba abiria na wageni, tukaanza kufanya kazi pamoja: yeye anaendesha, mimi napika tukishatia nanga. Bila pua nilijifunza kupika kwa masikio. Kitunguu kikikaribia kuungua sauti yake hukauka. Samaki akiiva ngozi huacha kulia juu ya wavu.

Gesi nayo nilikuwa na taratibu zangu. Jiko lilikaa tezi, nyuma kabisa, mahali pa wazi, na mtungi ulikaa pembeni yake ndani ya beseni, umefungwa kamba usibingirike. Kabla ya kuwasha nilipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na kwenye maungio, nikatazama kama kuna mapovu yanayovimba. Nilifunua mfuniko kwanza, ndipo nikawasha. Nikimaliza, nilifunga mtungi kwanza, nikauacha moto ule mabaki yaliyomo mpirani mpaka ujizimie. Kaka yangu alinicheka, akisema nautendea mtungi kama mtoto mchanga. Nilimjibu kwamba mtoto mchanga akivuja unamnusa, na mimi siwezi kunusa.

Siku ninayoisimulia tulikuwa tunampeleka mama yake wifi kwao Kiwayu. Wifi yangu ni mke wa kaka, na mama yake alikuwa amekaa nasi mjini kwa ajili ya matibabu ya macho. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa pamba na plasta, na la pili lilikuwa na ukungu, halioni zaidi ya mwanga na kivuli. Alikuwa pia na sukari, kwa hiyo hakutakiwa kukaa na njaa. Alikuwa mama mpole, mfupi, mwenye sauti ya chini, na alipenda kushika mkono wa yeyote aliyekuwa karibu yake na kuupapasa vidole huku akizungumza.

Alirudi kwao na mizigo. Godoro jipya, kiti cha plastiki, magunia ya vyakula, ndoo za zawadi za wajukuu. Tezi yote ikajaa. Nilipofika gatini nikakuta kaka yangu amekwisha kupanga kila kitu: jiko ameliweka juu ya benchi la katikati, na mtungi ameushusha chini ya mbao za sakafu, pale ngamani, kwenye tumbo la boti ambapo maji yanayovuja hukusanyika. Mpira ameupitisha kwenye nafasi kati ya mbao mbili.

"Pale chini si pazuri," nikamwambia.

"Ni kwa leo tu, dadangu. Na kuna kivuli, jua halitaupiga."

Mama alikuwa tayari amekaa, jua lilikuwa linapanda, na maji yalikuwa yameanza kupwa. Tukaondoka.

Tulikwenda vizuri hadi tulipokipita kisiwa cha Pate. Kaka alichagua kupita ndani, kwenye mlango wa mikoko, mkondo mwembamba wa maji upande wa bara, ili mama asirushwe na mawimbi ya nje na jicho lake lisidhurike. Lakini maji yalituwahi. Katikati ya mlango ule mashine ilianza kukoroga tope, na kaka akaizima, akatia nanga kwenye shimo la maji lililobaki.

"Tungoje yajae," akasema.

Mashine iliponyamaza, nilishangaa jinsi mahali pale palivyokuwa kimya. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Majani ya mikoko yalikuwa yamesimama kama yaliyochorwa. Pande zote mbili tope lilikuwa wazi, jeusi, likimetameta, na mizizi imesimama juu yake kama vidole. Hakuna ndege aliyelia. Jua lilikuwa utosini, na hakuna kitu kilichokuwa na kivuli.

Wifi alijifunika pua kwa leso yake. "Uuu! Tope la leo linanuka jamani. Kama mayai viza."

"Maji yakipwa ndivyo lilivyo," akasema kaka.

Mimi sikunusa kitu. Kisha ile harufu yangu ya uongo ikanijia, nywele zinazoungua, kali kuliko siku zote, hata macho yakanitoka machozi. Nikafanya kama nilivyozoea. Sikuijali.

Mama alihitaji kula. Kaka akainua ubao mmoja, akaingiza mkono, akafungua mtungi. "Nimeshakufungulia," akaniambia, akarudisha ubao, akaenda omo, mbele kabisa, kuinyoosha kamba ya nanga. Nikaupaka povu mpira ule uliokuwa juu, ninaouona, pamoja na maungio ya jiko. Hapakuwa na mapovu. Basi nikaanza kazi ya samaki. Walikuwa changu wawili wazuri. Nikawapara magamba, nikawachanja mbavu, nikawatia chumvi, ndimu na pilipili, nikaponda kitunguu saumu. Sikuwa na haraka. Hapakuwa na mahali pa kwenda.

Mama alikuwa amekaa karibu nami, mkono wake juu ya ubao. Aliinamisha kichwa.

"Huyo alolala tini ni nani?" akauliza.

Nikadhani hakuelewa tuko wapi. "Hapana mtu chini, mama. Tuko wanne tu. Mimi, wewe, mwanao na mkwe wako."

"Kuna mtu tini ya mbao," akasema, kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Yuwavuta pumzi. Namsikia."

Wifi akanitazama. Kwa lafudhi yao ile laini maneno hayakuwa na hofu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. Nikatega sikio. Nilisikia tope likitoa vipovu, toc, toc, na maji yakinyonya ubavu wa boti. Chini ya hayo, kama mtu aliyelala fofofo, nilidhani nasikia kitu kirefu, chembamba, kisichokatika. Lakini pumzi ya mtu huingia na kutoka. Hii ilikuwa ikitoka tu.

"Ni maji, mama," akasema wifi.

"Mwambiyeni apande yuu," akasema mama. "Huko tini kuna baridi."

Wifi akaanza kusoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Niliona midomo yake. Mlango ule una sifa zake. Watu wa kijiji cha Mbwajumali wanaokwenda kukata boriti huko hawapendi kulala ndani yake, na ukiwauliza sababu hawaisemi. Nikajiambia tusije tukatiana wazimu mchana kweupe kwa sababu ya mama mgonjwa mwenye njaa. Nikafunua mfuniko wa jiko. Nikachukua kiberiti kwenye kopo la chumvi, nikatoa njiti, nikaishika.

Sahani ya kupakulia ilikuwa chini, kwenye ndoo karibu na miguu ya mama, mahali ambapo sakafu inashuka kidogo. Nilikuwa nimevua viatu. Nikashusha mguu mmoja nichukue sahani, njiti ikiwa bado mkononi, kiberiti mkono wa pili.

Mguu wangu uliingia kwenye baridi.

Sijui nieleze vipi. Juu ya goti nilikuwa naungua na jua, jasho likinitiririka mgongoni. Chini ya kifundo palikuwa na ubaridi kama wa kisima, umetuama, una ukingo wake. Nikatikisa vidole. Hapakuwa na maji. Mguu ulikuwa mkavu. Nikauinua, joto, nikaushusha, baridi tena. Nywele zikanisimama mikononi, na kwa muda niliamini neno kwa neno alilosema yule mama, kwamba kuna aliyelala pale na mimi nimemkanyaga.

Kisha nikauona mpira, ulivyopita kati ya mbao na kuzama mahali nisipopaona.

"Kaka," nikasema. "Usiguse kitu chochote. Usiwashe kitu. Gesi imejaa boti."

Aligeuka, kamba mkononi. Kwanza alitabasamu. Halafu akanitazama vidole, akaiona njiti, na uso wake ukabadilika rangi.

Nikaitupa njiti baharini. Nikakirusha na kiberiti chote nyuma yake, kikaelea, kikalowa.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Nilifundishwa hivyo Ras Kitau siku ya kwanza kabisa. Ikivuja nyumbani, hutoka nje kwa kuteleza chini ya mlango. Ikivuja ndani ya boti haina mlango. Inashuka, inajaa tumboni kama maji, inakaa. Pale hapakuwa na upepo wa kuipangusa, na wenye pua walidhani wananusa tope.

Nikalala kifudifudi. Kaka akauinua ubao taratibu sana, kwa mikono miwili, akauweka juu ya godoro usigonge kitu. Nikavuta pumzi kubwa nikaibana, nikaingiza mkono hadi begani. Mtungi ulikuwa baridi kama barafu, umetoka jasho jeupe. Nikaipapasa ile koki, nikaizungusha, ikakataa, nikaizungusha tena. Sauti ile nyembamba ilipungua, ikawa uzi, ikakatika.

"Amenyamaza," akasema mama.

Nikautoa mkono, nikavuta pumzi.

Nilidhani tumemaliza. Kaka ndiye aliyenionyesha. Alinishika kiwiko akanielekeza macho mbele zaidi, ngamani, ambapo kuna pampu ndogo ya umeme ya kutoa maji. Pampu hiyo hujiwasha yenyewe. Kuna kiboya, maji yakikiinua inaanza kufanya kazi bila kuulizwa na mtu. Boti ile ilikuwa inavuja kidogo siku zote. Maji yalikuwa yamefika chini ya kiboya, yanakilamba.

"Kata umeme," nikanong'ona.

"Nikichomoa waya kwenye betri itatoa cheche," naye akanong'ona. Sijui kwa nini tulinong'ona. Ni kama tuliogopa kukiamsha.

Kumtoa mama hatukuweza. Tope lile lingemmeza hadi kiunoni, na jicho lake bichi. Basi tukafanya kitu ambacho, ukituangalia kutoka pwani, ungesema tumerukwa na akili. Tukachukua makopo ya plastiki tukaanza kufua, kama mabaharia wanavyoikausha boti inayovuja. Kwanza maji, tukayachota na kuyamwaga nje mpaka kiboya kikalala chini. Kisha tukaendelea. Makopo yalishuka matupu yakapanda matupu, nasi tuliyainamisha juu ya ubavu wa boti kwa uangalifu, tukamwaga, tukarudi kuchota tena. Gesi nzito huchoteka kama maji, ila huioni. Sikuwa na njia ya kujua kama ninamwaga kitu au simwagi, isipokuwa mkono wangu: kopo likiinama, ubaridi ulinipita juu ya vidole na kushuka.

Wifi alishika beseni, naye akachota, machozi yakimtoka bila sauti. Mara kwa mara nilitazama mikoko na kuona kama majani ya chini, karibu na maji, yanatikisika, ilhali ya juu yametulia. Huenda ni macho yangu. Kichwa kilikuwa kinaniuma na masikio yanalia. Nywele zilizoungua zilinijaa puani mpaka nikajishika kichwa kuhakikisha ni ushungi wa buibui langu tu, kwamba sijashika moto tayari bila kujua. Nikafikiri: labda nimeshaiwasha ile njiti. Labda haya ndiyo yanayofuata baada yake, watu wanne kwenye boti mahali pasipo na kivuli, wanachota hewa. Wazo hilo lilikaa nami kwa muda mrefu, limetulia, wala halikuniondokea mpaka kaka alipojikata kidole kwenye ukingo wa kopo na damu ikadondoka juu ya faiba nyeupe, nyekundu kweli kweli.

Mama alikula tende na mkate wa jana, na wifi akampa maji. Alitafuna polepole, uso ameuelekeza kwenye sauti ya makopo yetu.

Maji yalianza kurudi bila kelele. Boti ikajitikisa, ikaelea. Kaka hakuigusa mashine. Alichukua upondo, akausimika topeni, akatusukuma, hatua kwa hatua, hadi mlango ulipopanuka na upepo wa kwanza ukatupiga usoni. Hapo tukafungua mbao zote, tukaacha upepo uingie tumboni mwa boti na kupita. Nikashusha mguu kila mahali. Joto. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika kabla hatujathubutu kuwasha mashine, na kaka alipovuta kamba yake, wote tulifumba macho isipokuwa mama.

Njiani kaka aliutoa mpira. Karibu na mtungi, pale chini nisipopaka povu, ulikuwa umetafunwa. Alama za meno zilikuwa ndogo, mbichi, zimepangana vizuri. Na nyuma ya mtungi alikuta panya, amejikunja, mkia ameuzungusha mwilini kama aliyelala. Hakuwa na jeraha. Kaka alimshika mkia akamtupa, akaosha mikono, akaosha tena.

Tulifika Kiwayu watu wakitoka kusali alasiri. Wajukuu walimpokea mama majini wakambeba hadi mchangani. Nyumbani kwake tulipikiwa kwa kuni, wali na samaki, nikala hadi nikaona haya. Wifi alikuwa amekaa miguuni pa mama yake, na hatimaye akamweleza taratibu: kwamba ile sauti ilikuwa gesi, kwamba mpira ulitafunwa na panya, kwamba sikio lake ndilo lililotangulia kuliko sisi sote, na kwamba lau si yeye na baridi ya miguuni mwangu tungekuwa maiti.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Aliushika mkono wangu, akaupapasa vidole.

"Babake huyu mwanangu alikuwa akivuta pumzi hivyo," akasema, "siku zake za mwisho. Pumzi ndefu, haikatiki. Nikikaa kando yake namsikia." "Mimi nalijua ni yeye. Nikasema, Alhamdulillahi, amekuja tuende naye nyumbani. Nanyi mwalikuwa mwamchota, mwamtupa bahari. Nalisikia kila kopo."

Wifi akaanza kulia. "Mama, ilikuwa gesi."

"Haya," akasema mama. "Ilikuwa gesi."

Hakukasirika. Aliuachia mkono wangu, akaomba maji ya kutawadha.

Nimekaa na maneno hayo mara nyingi. Naijua gesi, najua uzito wake, nimeushika mpira uliotafunwa. Lakini kila nikikumbuka ubaridi ule ukinipita juu ya vidole na kushuka majini, siwezi kukumbuka ukiwa kitu tu. Nakumbuka tukimtoa mtu.

Kesho yake tulirudi mjini. Mtu mmoja wa pale kijijini aliomba tumchukue, akakaa mbele na kuku wake wa kuuza kwenye tenga. Mpira mbovu tuliuacha jalalani, na mtungi ukasimama tezi, ndani ya beseni lililotobolewa matundu gesi isituame, umefungwa kamba kila upande. Tulipofika pale njia inapogawanyika, maji yalikuwa yamejaa tele na mlango wa mikoko ulikuwa wazi, umetulia, njia fupi na laini. Kaka aliutazama. Hakuniuliza wala hakumuuliza wifi. Alizungusha usukani akatupeleka nje, kwenye mawimbi, na yule abiria akaanza kulalamika kwamba tunampotezea muda na tutamlowesha kuku. Wimbi la kwanza likatupiga sote. Wifi alilishika tenga la kuku, akalifunika kwa leso yake, akamwambia yule bwana akae chini na ashikilie mbao vizuri, maana huku nje ndiko tunakopita.